Miaka Miwili kwa Mstari Mmoja

Lazaro, mtunza ghala, alikuwa mchoyo, na hilo halina mjadala. Karanga zilikuwa za kijiji, si zake, lakini ukizitazama tu kwa jicho la kutamani yeye anakohoa. Kila mwaka baada ya mavuno, wanawake walipokaa barazani pa ghala kubangua karanga za shamba la ujamaa, aliwataka waimbe mfululizo. Hoja yake ilikuwa kwamba mdomo unaoimba hautafuni. Wakinyamaza hata kwa kuvuta pumzi, Lazaro huyo mlangoni, anauliza mbona kimya.

Kwa hiyo Theresia alipomwomba ruhusa ya kuwasomea wenzake kitabu wakati wa kazi, Lazaro alikataa katakata. Watu wanaosikiliza hukaa kimya, na watu waliokaa kimya watammalizia karanga. Walivutana mpaka mchana. Mwishowe Raheli, bibi aliyewazidi wote umri pale, ambaye hata Lazaro mwenyewe alimwamkia kwa adabu zote, akatoa shauri. Theresia asome kipande, kisha anyamaze, halafu kila mmoja atoe maoni yake kwa sauti, bila kurukwa mtu. Lazaro akafikiri, akaona midomo itapata kazi ya kutosha. Akakubali, kwa sharti moja: asiye na maoni aimbe.

Basi hivyo ndivyo wanawake wa kijiji kile kipya, mwendo wa asubuhi kutoka Ikungi, walivyokuja kuwa wachambuzi wa vitabu. Usicheke. Nimewahi kuwasikia wachambuzi waliosoma mpaka ng'ambo, na hawakuwa na ukali wa Mwanvua.

Kitabu chenyewe kilitoka kwenye kabati la maktaba ya kijiji, pale ofisi ya TANU. Kabati lilijaa vitabu vya mbolea, vya vyoo, vya kufuga kuku, na katikati ya hivyo vyote, sijui kwa bahati gani, palikuwa na hadithi moja ya mapenzi ya vijana. Ilimhusu msichana wa Dar es Salaam aitwaye Salome, aliyetaka kwa kufa na kupona kuwa mwandishi, na aliyempenda Joni, kijana fundi wa redio. Jina lililokuwa kwenye jalada hakuna aliyelijali. Kwao kilikuwa kitabu cha Salome, basi.

Tatizo lilikuwa Kiswahili chake. Mwandishi alikuwa mtu wa pwani na alipenda madoido, wakati Kiswahili cha Raheli kilikuwa cha mnadani, cha kuulizia bei ya chumvi na kurudi nyumbani. Kwa hiyo Theresia alitazama ukurasa kwa macho na kuutoa mdomoni kwa Kinyaturu, papo hapo. Alikuwa hodari wa hilo. Alikuwa amemaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kwenda sekondari, na sasa alifundisha kisomo cha watu wazima jioni kwa kujitolea. Macho yake yalikuwa Dar es Salaam na mdomo wake uko nyumbani. Kumkagua hakuna aliyeweza, wala hakuna aliyewaza kumkagua.

Maoni yalianza siku ya kwanza ile ile. Mwanvua, mama wa watoto wengi na mvumilivu wa wachache, alisema Salome ni mvivu. Msichana mzima amekaa na kalamu dirishani, mama yake anatwanga peke yake! Raheli alitaka kujua huyo Joni ni wa ukoo gani, maana kitabu kimetaja viatu vyake mara nyingi na baba yake hakijamtaja hata kidogo. Elina yeye alipenda kila kitu. Elina alikuwa rika la Theresia na mwanafunzi wake wa kisomo, mtoto mgongoni muda wote, na alikuwa amefaulu mtihani wa kusoma mwaka uliotangulia, jambo alilolikumbusha kila alipopata nafasi. Alilia penye kulia na pasipo kulia. Ilifika mahali yeye na Mwanvua wakanuniana siku nzima kwa sababu Salome alimwonesha Joni hadithi yake kabla ya kumwonesha baba yake.

Theresia alikaa katikati yao, kitabu magotini, akisikiliza. Aliona wivu. Naam, alimwonea wivu mwandishi yule asiyemjua, mtu anayekula samaki wake huko pwani bila habari kwamba wanawake wa Singida wamegombana kwa ajili yake. Alipokuwa darasa la sita, mwalimu aliwahi kusoma insha yake mbele ya wenzake, wakacheka palipostahili na kunyamaza palipostahili. Tangu hapo hakuna aliyetaka insha yake tena. Hakutaka makubwa, jamani. Alitaka siku moja watu wagombane kwa maneno yaliyotoka kichwani mwake, naye awepo, na wajue kuwa ni yake.

Tena alikuwa na jambo jingine moyoni, nalo hakulisema kwa mtu.

Palikuwa na kijana anaitwa Antipasi. Kabla ya watu kuhamishiwa barabarani, boma la kina Theresia na la kina Antipasi yalikuwa jirani, kule chini ya majabali, ng'ombe wao wakinywa maji pamoja. Antipasi alikuwa yatima aliyelelewa na mjomba, hana hata ndama wa kuanzia mahari, kwa hiyo akaondoka kutafuta kazi. Alimwambia Theresia maneno machache tu: "Nitakukuta hapa hapa." Salamu zake za mwisho zilitoka Misigiri, zikaletwa na mchuuzi wa ng'ombe, kwamba amepata lori la kwenda upande wa Nzega. Kisha kimya. Na kabla hajarudi, ikaja Operesheni Vijiji. Watu wakabeba mawe ya kusagia, wakang'oa miti ya mapaa, wakapanga nyumba mpya kwa mistari kando ya barabara. Mjomba wa Antipasi akafariki mwaka huo huo. Kule chini ya majabali zikabaki kuta.

Sasa wewe niambie, huyo mtu akirudi atamkuta nani? Hilo ndilo lililomnyima Theresia usingizi. Hakuogopa sana kwamba amesahauliwa. Aliogopa kwamba Antipasi amekwisha kurudi, ameita mlangoni, hakuna aliyeitika, akaenda zake. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya ibada aliaga kwamba anakwenda kuokota kuni, akafika kwenye tembe lao la zamani, akachukua mkaa na kuandika ukutani walikohamia, safu ya ngapi, nyumba ya ngapi. Mvua ikinyesha, maneno yanafutika. Anaandika tena. Nyumbani wachumba walikuja, wakarudi kama walivyokuja, na mama yake alikwisha kuchoka kuwaeleza watu kwamba binti yake anachagua.

Siku moja barazani kitabu kikafika pale Joni anapoagana na Salome kituoni, anakwenda Tanga kutafuta kazi. Wanawake walikuwa kimya kabisa, Lazaro amekwisha kukohoa zaidi ya mara moja. Theresia akafunua ukurasa. Juu kabisa paliandikwa: Miaka miwili ikapita. Siku moja Joni akarudi.

Aliusoma mstari ule kwa macho, akaurudia. Hasira ikampanda mpaka masikio yakawa ya moto. Miaka miwili! Miaka miwili kwa mstari mmoja, kama mtu anavyoruka dimbwi! Mwandishi huyu hajawahi kumngoja mtu, alijiambia, na kama amewahi basi ni mtovu wa adabu. Wenzake walikuwa wanamtazama, mikono imesimama. Alifungua mdomo autoe ule mstari kama ulivyo, na mdomo ukakataa.

Akasema, kwa Kinyaturu, macho yakiwa bado kitabuni, "Siku ya kwanza Salome hakulia."

Na akaendelea. Alisema Salome alipika chakula cha watu wengi kuliko waliokuwepo, akaona haya, akakimwagia kuku. Alisema kila mgongo wa mwanamume aliouona sokoni ulikuwa wa Joni mpaka mwenye mgongo alipogeuka. Siku zilizofuata alisema zaidi. Serikali ya mji ilitaka kupanua barabara, ikabomoa nyumba za mtaa wa kina Salome na kuwapeleka mtaa mwingine, na Salome akawa anarudi kwenye ukuta uliobaki, anaandika kwa mkaa mahali walipo, mvua inafuta, anaandika tena. Huo ndio ukawa uandishi wake, hana mwingine. Alisema Salome alijifunza kuchukia sauti ya lori, kwa sababu kila lori linapunguza mwendo kwenye kona, moyo unasimama, halafu lori linaongeza mwendo na kupita.

Pale wanawake waliacha kubangua. Lazaro alitoka ndani mbio akijua leo amewakamata, akawakuta wanafuta macho kwa kanga. Akauliza maoni yako wapi. Raheli, ambaye siku zote huanza, alitikisa kichwa. Lazaro akamkumbusha sharti. Bibi yule akamtazama, kisha akaimba, wimbo wa zamani wa kusindikiza watu waendao mbali, na wengine wakaitikia, na Lazaro akarudi ndani polepole.

Mwanvua ndiye aliyegeuka kuliko wote. Alitangaza kwamba amemsamehe Salome uvivu wake. Akasema vipande vya mwanzo vya kitabu kile vilikuwa vya ovyo, soda na viatu, lakini hivi vya sasa vimeandikwa na mtu mwingine kabisa, mwanamke, tena mwanamke anayemngoja mtu. Yeye mume wake aliwahi kukaa mkongeni Tanga bila kuleta habari, naye Mwanvua hakujua kwamba jambo lile la kungoja linaweza kuandikwa.

Theresia aliyasikia hayo akainama kutafuta karanga ambayo haikuanguka. Alifurahi mno. Alikuwa ameyapata maoni aliyoyatamani tangu darasa la sita, na yanakwenda kwa mtu wa pwani. Kila jioni alirudi nyumbani akiwa na azimio kwamba kesho atasema. Kesho ilipofika aliogopa. Wangesema amewadanganya. Wanakisomo wake wangejiuliza ni nini kingine alichowafundisha ambacho hakimo vitabuni. Na hadithi ingekufa pale pale, maana nani atalia tena kwa maneno ya Theresia, yule msichana anayechagua wachumba? Kwa hiyo alinyamaza, akaendelea kumngojesha Salome, siku baada ya siku, na karanga zikaisha kabla Joni hajarudi. Wakimuuliza mwisho wake, alisema watausikia mavuno yajayo.

Mambo yangeishia hapo kama asingekuja Stefano.

Huyu alikuwa afisa wa elimu ya watu wazima, kijana mpole aliyekuwa akikaa Mandewa, pale Singida mjini. Alikuwa anapita vijijini kukusanya maoni ya wasomaji juu ya vitabu vya maktaba, yapelekwe kwa wachapaji Dar es Salaam. Aliwakuta wanawake barazani wakichambua mbegu, akawaamkia wakubwa shikamoo mmoja mmoja, akakaa chini kama wao. Akauliza ni kitabu gani kimewapendeza. Wote wakasema cha Salome. Alifurahi, maana yeye mwenyewe alikipenda. Akatuma kiletwe kutoka kabatini, akatoa karatasi na penseli, akawaomba waseme bila woga.

Theresia alikuwa amekaa mwisho wa baraza. Akainamia ungo wake.

Mwanvua alianza. Alisema hakuna kinachozidi pale msichana anapoandika ukutani kwa mkaa. Stefano akatabasamu, akafunua kurasa, akafunua tena. Wa pili akasema kuku kula chakula cha Joni. Wa tatu akasema malori. Tabasamu la Stefano likapungua kidogo kidogo. Akawaeleza kwa upole kwamba yeye amekisoma kitabu hiki mwanzo hadi mwisho na hayo hayamo, pengine wamechanganya na masimulizi mengine. Kisha akaanza kuandika, huku akisema taratibu, kama mtu asiyependa kuumiza, kwamba ataeleza kuwa kitabu kilikuwa kigumu na wanakisomo hawakukielewa.

Elina akasimama. Mtoto alikuwa amelala mgongoni. "Naomba nikuoneshe, ndugu," alisema. "Mimi najua kusoma."

Alikipokea kitabu kwa mikono miwili. Alitafuta kwa kidole, midomo ikicheza, mpaka akapata pale kituoni, safari ya Tanga. Akasoma kwa sauti, kwa Kiswahili, neno kwa neno, vizuri kabisa, na Theresia akatambua pumzi ambazo yeye mwenyewe alimfundisha kuvuta penye nukta. Elina akafunua ukurasa. "Miaka miwili ikapita. Siku moja Joni akarudi, mkononi ana mwavuli mpya."

Akasita. Akarudi nyuma, akasoma tena. Akatazama kama kurasa zimegandana, hazikugandana. Akageuka kumtazama mwalimu wake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamini kwamba amejifunza jambo, sasa anaambiwa hajajifunza.

"Mwalimu, mimi siyaoni."

Theresia hakuwa shujaa, nisikudanganye. Uongo ulikuwa tayari mdomoni: kwamba huenda kuna chapa nyingine, kwamba kitabu kimebadilishwa kabatini. Lakini ule uso hakuweza kuuvumilia. Akainuka.

"Unasoma sawasawa, Elina. Hayamo. Hayo niliyatunga mimi."

Kelele zilizofuata zilisikika mpaka barabarani. Mwanvua alitaka kujua, kwa hiyo Joni amekwisha kurudi siku nyingi, na mwavuli juu, na wao bado wanamlilia? Alisema amechezewa. Alisema machozi yake si maji ya kisima yachotwe na kila mtu. Mwingine akauliza kama hata Salome yupo. Elina alikifunga kitabu na kukiweka juu ya ungo, akakaa akiwa amempa Theresia mgongo, na hilo lilimuuma Theresia kuliko maneno ya Mwanvua yote. Stefano alipata taabu. Alisema anasikitika, lakini maoni yanayotakiwa Dar es Salaam ni ya kitabu hiki, na haya ya mkaa na malori hayahusiani nacho. Itabidi ayafute.

Theresia aliitazama penseli. Alikuwa ameyangoja maoni yale maisha yake yote, na leo, siku ile ile yalipojulikana kuwa ni yake, yanafutwa.

Raheli alikuwa bado anachambua, mbegu nzuri huku, zilizooza kule. Alizungumza kwa Kinyaturu, na wengine wakanyamaza ili wamsikie.

"Huyo wa kitabuni tumesikia, amerudi," alisema. "Wako je, mjukuu wangu? Amerudi?"

Miaka yote ile watu walimuuliza Theresia ataolewa lini. Walimuuliza anataka mtu wa namna gani, anajiona nani. Swali hili hakuwahi kuulizwa. Alitaka kusema kwamba haelewi bibi anauliza nini, na hakuweza.

"Bado, bibi."

Mwanvua akakumbuka labda mkongeni Tanga. Elina akageuka. Wakamtazama Theresia, na aliona wanamtazama yeye na kumwona Salome, yule wa kuku na wa malori, na kwamba wameelewa kila kitu kwa mara moja, na hakuona aibu kama alivyodhani ataona.

Raheli akamgeukia Stefano, akajikusanya, akatafuta Kiswahili chake cha mnadani.

"Usifute, baba," alisema. "Andika hivi. Mwenye kitabu hicho ana haraka. Andika, sisi tumesema kungoja si mstari mmoja."

Stefano alimtazama bibi, akamtazama Theresia. Kisha akaandika, na penseli ikasikika. Theresia akakaa chini, akavuta ungo, akaanza kuchambua mbegu asizoziona kwa machozi, nzuri na mbovu pamoja, na hakuna aliyemwambia anakosea.